Upindo wa Chuma

Mimi na mume wangu Astère tulikuwa mke na mume wa mlangoni. Asubuhi yeye alirudi kutoka lindoni Midrand, macho mekundu, nami ndio natoka na furushi la vitambaa kwenda kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Hillbrow, Johannesburg. Jioni mimi narudi, yeye anatoka. Tulisalimiana, tukaambiana mboga iliyobaki iko sufuria gani, basi. Ufunguo wa nyumba ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango na hakuna aliyeubeba, maana kila mara mmoja wetu alikuwa ndani wa kumfungulia mwenzake.

Mama alikuwa akipiga simu kutoka kwetu Uvira kuulizia mjukuu. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Mama, ili mutoto apatikane, bazazi banapashwa kukutana kwanza." Alicheka sana, kisha akaanza kuniuliza hali ya hewa ya huku, na hilo liliniuma kuliko swali lenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile nilipomsikia Astère akipanda ngazi mbio, akihema mpaka mlangoni, nilijua kuna jambo. Lifti ya jengo letu ilishastaafu, na mume wangu si mtu wa mbio. Ni Mrundi mpole. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

"Héri, kaa chini," akasema.

"Nikae na nimeshachelewa? Weye sema tu."

"Kaa. Hii habari haisikilizwi umesimama."

Sikukaa. Akanieleza nikiwa nimesimama na furushi langu kichwani.

Kwenye mtaa wa nyumba zilizozungushiwa ukuta anakolinda yeye anaishi mzee mmoja anaitwa Naseeb, Mhindi aliyezaliwa Tanga. Alipohamia Johannesburg alipakia kwenye kontena makabati ya mama yake na pikipiki ya marehemu baba yake, ya Kiingereza, ya pistoni moja, yenye umri wa kunizaa mimi. Juma lililopita ilimzimikia pale pale getini. Astère, ambaye Bujumbura alikuwa fundi bati kabla ya kukimbia, aliweka kirungu chini akachuchumaa kuitazama. Tatizo alilijua haraka. Kile kisanduku cha zamani kinachoongoza umeme, regyuleta, kilikufa miaka mingi, na cha kisasa kilichonunuliwa badala yake hakina pa kukaa kwenye pikipiki ile. Fremu huruhusiwi kuitoboa wala kuichomelea. Kwa watu wa pikipiki za zamani hiyo ni dhambi, chombo lazima kibaki kilivyotoka kiwandani. Basi inabidi utengeneze kipande cha chuma cha kushika bolti zilizopo na kukibeba kifaa kipya. Mafundi wanakiita braketi. Na kila pikipiki inataka ya kwake, kwa sababu hakuna mbili zilizozeeka sawasawa.

"Kila mwaka wanafanya safari yao, hao wazee wa pikipiki," Astère akasema. "Wanatoka Midrand mpaka bwawa la Hartbeespoort na kurudi, taa ikiwaka njia nzima. Ya Mzee Naseeb kila mwaka inarudi imebebwa. Braketi inakatika, regyuleta inaning'inia, waya zinakatika, taa inazimika. Safari yenyewe ni hii Jumapili."

"Sasa?"

"Sasa amesema hivi: ikienda na kurudi kwa magurudumu yake, taa ikiwaka, ufunguo wa gereji yake ni wangu. Jiliwa la kubania chuma, keekee ya kutobolea, meza, vyote. Yeye mikono inamtetemeka, na wenzake wote wanatafuta mtu wa kuwatengenezea braketi. Ntaacha lindo, Héri. Ntafanya kazi mchana."

"Muchana," nikasema. "Na usiku?"

"Usiku ntalala hapa."

Hapo nikakaa. Nikakaa na furushi langu mapajani kama abiria, na wateja wangu wa asubuhi ile waningoje tu.

Siku chache zile sikushona kitu cha maana. Nilimpachikia mama mmoja wa Kanisa mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, nikaufumua nikicheka peke yangu. Nilikuwa nawaza mume anayerudi jioni. Nilikuwa nimeshapanga hata nitampikia nini siku ya kwanza.

Halafu Alhamisi Astère akarudi taratibu, ngazi moja moja. Akaweka kipande cha chuma mezani karibu na mkate. Kilikuwa kimepasuka, kimebaki kushikana kwa unywele tu. Alikuwa amekipima kwa rula, akakikata vizuri, akakifunga. Mzee Naseeb alizunguka mtaa kidogo tu, kikapasuka.

"Pikipiki ya pistoni moja inatetemeka vibaya," akasema. "Nilipima vizuri, Héri. Ata kona zilikuwa sawa."

Niseme ukweli, nilipandwa na hasira. Si kwake. Niliikasirikia ile pikipiki iliyokuwa inanichezea mume wangu. Nikakichukua kile chuma nikakigeuza huku na huku.

"Ulipima kwa rula?"

"Kwa rula."

"Nani anapimaka mwili kwa rula? Mutu hana upande wenye kunyooka. Jumamosi minakuja na makaratasi yangu. Mimi nitamukatia patroni ya karatasi, weye utakata chuma kwa kuifuata."

Alinitazama kama aliyeambiwa atafundishwa kuogelea na mbuzi. Lakini hakukataa. Hakuwa na mpango mwingine.

Jumamosi nikamwacha jirani yangu Joséline, msusi, nyumbani kwangu akingoja wateja waje kuchukua nguo zao, nikaenda Midrand na maboksi ya viatu niliyoyapasua, mkasi wa karatasi, gundi ya utepe na sindano ya kushonea magunia. Mzee Naseeb alinipokea gerejini. Ni mzee mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, nikampenda kwa hilo. Nikamwambia, "Jambo, Muzee." Akasema kwao mtoto hamwambii mzee jambo, anasema shikamoo. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba ndefu, ya kuridhika.

Pikipiki ilikuwa nyeusi na mistari ya dhahabu iliyofifia, imeegemea mguu wake mmoja. Nikaizunguka kama ninavyomzunguka mteja aliyekuja kupimwa gauni la harusi. Mteja usimshike kwanza. Unamtazama anavyosimama, unatafuta bega lililoshuka na nyonga iliyopanda, kwa sababu yeye mwenyewe hatakwambia.

"Huyu alianguka zamani," nikasema. "Upande wa kuume. Bega lake halilingani."

Mzee Naseeb akacheka mpaka akakohoa. "Alaa. Baba alianguka nayo pale Pongwe, mimi bado mchanga. Kaambiwa na nani huyu?"

"Na pikipiki yenyewe," Astère akamjibu, na nikaona kifua chake kimepanda kidogo.

Kuanzia hapo nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa sijawahi kuvalisha chuma. Nilibandika kadibodi chini ya kiti, nikaikunja, nikaiminya kwenye kila bonde, nikatoboa kwa sindano mahali bolti zinapopita. Mahali palipobana nilikata, palipopwaya nikaongeza kiraka kwa gundi ya utepe. Astère alinishikia regyuleta hewani inavyopaswa kukaa, kisha honi, kisha koili, ile inayopeleka cheche kwenye injini, maana nazo braketi zake zilikuwa zimechoka. Tulikuwa tumeinamiana vichwa, mashavu yetu yanakaribiana, na nikatambua kwamba hatujafanya kazi pamoja mchana hata mara moja tangu tufike nchi hii. Nilitaka kumwambia lakini nilikuwa na utepe mdomoni.

Patroni tatu zikapatikana. Nikaziweka juu ya meza, nikazikata tena safi kwenye kadibodi mpya, mkono unakwenda wenyewe, huku nikimsimulia Mzee Naseeb habari za Uvira. Astère akazichora kwenye bamba la chuma lililobaki. Lilikuwa moja tu, na lilitosha patroni zote kwa kubanwa. Akakata. Mimi nikaketi na Mzee tukanywa chai ya tangawizi, nikajisifu kidogo. Nilijisifu sana, kusema kweli. Nilimwambia mzee wa watu kwamba kama wangeniita mwaka wa juzi, pikipiki ingekuwa imeshafika Cairo.

Kisha keekee ikanyamaza.

"Héri. Njoo kwanza."

Nikaenda. Matundu ya bolti yalikaa barabara, yote. Lakini kingo zilikuwa kubwa. Braketi ya regyuleta iliegemea tangi la oili, ya koili iligusa bomba la fremu, ya honi ilijitokeza nje kama sikio. Zote zimezidi kwa kiasi kimoja, pande zote, upana wa kidole changu. Nikakiangalia kidole changu. Joto likanipanda mpaka kwenye nywele.

"Ni nafasi ya mushono," nikasema.

"Nafasi ya nini?"

"Ya mushono. Ukikata nguo unaachaka kidole moja pembeni, ili upate pa kushonea. Mukono yangu iliiacha yenyewe. Haikuniuliza."

"Kuko mshono gani kwenye chuma, Héri?" Astère akapaza sauti. Mpole wangu huyo. "Utakishona na uzi gani? Chuma kimeisha. Kesho ndio safari, na chuma kimeisha."

Mimi nikiwa na haki huwa naongea chini. Nikiwa na kosa ndipo sauti inapanda. Nikamwambia kwamba rula yake haikufika mbali zaidi ya mitaa miwili. Nikamwambia kwamba mwenye kulaumu na ashike mkasi mwenyewe. Nikamwambia na mengine ambayo hayahusu pikipiki. Mzee Naseeb akageukia ukuta akawa anasoma kalenda ya mwaka uliopita.

Astère akafunga braketi kwenye jiliwa, akachukua msumeno. Kweli ilikuwa rahisi tu, kupunguza kile kidole pande zote, umemaliza. Lakini jicho langu liliangukia ile braketi ya Alhamisi, iliyopasuka, imetupwa kwenye kona ya meza. Nikaiokota. Ufa ulikuwa umeanzia ukingoni, pale palipokatwa, ukaingia ndani kuitafuta bolti.

Huu ufa naujua. Naukuta kila siku kwenye sketi za watu waliokwenda kwa mafundi wa bei rahisi.

"Acha," nikasema.

"Niache nini?"

"Acha kukata. Ona hii. Kitambaa hakianzaki kupasuka katikati, kinaanzia pembeni, pale hapana upindo. Hii chuma yako ya Alhamisi uliivalisha pikipiki nguo haina upindo. Usiikate hiyo nafasi. Ikunje."

"Chuma kina upindo tangu lini?" Mzee Naseeb akauliza kutoka kwenye kalenda.

Nilikuwa nimesema kwa hasira na kwa mazoea, basi. Lakini Astère alikuwa ameweka msumeno chini na anaangalia mikono yake.

"Ndoo," akasema polepole.

"Ndoo gani?"

"Ndoo za bati, Héri. Nimekunja midomo ya ndoo pale Buyenzi mpaka vidole vikaota sugu. Usipoukunja mdomo, ndoo inalegea, inapasuka. Ukiukunja, unaweza kuikalia." Akanitazama, na macho yake mekundu ya usingizi yalikuwa yanawaka. "Na ukingo ukikunjwa kwenda chini, hautagusa tangi."

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba tuligombana. Alibana ukingo kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao, akaugonga kwa nyundo kidogo kidogo ukalala. Kwenye pande zilizonyooka mambo yalikwenda vizuri. Kwenye mzunguko chuma kikaanza kukunjamana, nikamwambia huko kwetu kwenye shingo ya gauni tunakata vijimeno ukingoni ili upindo ulale. Akatikisa kichwa. Akasema chuma ukikikata pembe kali umekiandikia mahali pa kupasukia. Akatoboa kwanza tundu dogo la mviringo mahali kila kijimeno kitakapoishia, ndipo akakata kufikia tundu. Hilo mimi nisingelijua hata kwa kufunga na kuomba.

Ya kwanza ilipomalizika akanipa ile ya Alhamisi na hii mpya, nizibonyeze kwa dole gumba. Ya Alhamisi ilinesa. Mpya nikaibonyeza kwa gumba, nikaibonyeza kwa gumba mbili, nikaiweka chini nikaikanyaga kwa kisigino. Ilikaa kimya. Mzee Naseeb naye akataka kuikanyaga, tukamshika mkono akaikanyaga, akacheka.

Jioni, zote tatu zikiwa zimeshafungwa kwenye pikipiki, tukarudi Hillbrow pamoja, Joséline akatufungulia. Astère alikuwa ameomba ruhusa lindoni. Tulilala wote wawili kitanda kimoja kama watu waliofunga ndoa, na ingawa sikupata usingizi wa maana kwa wasiwasi, sikulalamika.

Jumapili alfajiri tukatoka, tukavuta mlango ukajifunga, tukashuka ngazi tumeshikana mikono.

Pikipiki za zamani zilikuwa zimejipanga Midrand, zinanguruma na kutoa moshi, wazee wamevaa makoti ya ngozi yaliyowabana matumbo. Mimi na Astère hatukuwa na pikipiki, kwa hiyo tulipandishwa kwenye bakkie ya Burhani, mtoto wa dada yake Mzee Naseeb. Kazi ya hiyo pikapu ilikuwa kuwafuata nyuma na kuzoa zitakazozimika. Burhani kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Alinionyesha mikanda ya kufungia mizigo. Ule mwekundu, akasema, ameuweka tayari kwa ajili ya mjomba, ni wake kila mwaka.

"Leo utajifunga nao weye mwenyewe," nikamwambia.

"Eish, mama," akasema, akawasha gari.

Nimekwenda harusi nyingi, nimesimama nyuma ya mabibi harusi nikiomba zipu ishikilie mpaka mwisho wa misa. Hofu ya siku ile ilikuwa ya namna ileile, ila gauni lilikuwa linakwenda kwa kasi barabarani. Nilikaa katikati, Burhani kushoto—hapana, hapa dereva anakaa kulia, nilichanganyikiwa mpaka sikujua nimekaa wapi. Nilichokiona ni taa moja tu nyekundu, ndogo, nyuma ya kanzu ya Mzee Naseeb iliyochomoza chini ya koti. Ikiwaka, mume wangu analala nyumbani.

Tukapita taa za mwisho za barabarani, robot wanavyoziita hapa, tukaingia barabara ya wazi. Ya kwanza kuzimika ilikuwa ya mzee mmoja mwenye ndevu, tukaipakia. Ya pili ilidondosha honi yake katikati ya barabara, Astère akashuka mbio kuiokota, akarudi anaigeuza mkononi. "Braketi," akasema. "Haina upindo." Akaniangalia, nikaziba mdomo nisicheke mbele ya mwenye msiba.

Tukafika bwawani. Wazee wakanywa chai, wakapigana picha. Mimi nikachuchumaa chini ya kiti cha pikipiki, nikapitisha kidole kwenye kila upindo, nikitafuta uzi uliofumuka. Hapakuwa na kitu. Astère hakutaka kuangalia. Aliniuliza kwa mbali, kwa nyusi tu, nami nikamjibu kwa nyusi.

Wakati wa kurudi kuna mlima mrefu unaotoka bwawani. Pikipiki zikaanza kuupanda kwa kugugumia. Tulikuwa nyuma kidogo ya Mzee Naseeb, mimi sipepesi macho, na katikati ya ule mlima, mbele ya macho yangu, taa ikazimika.

Astère aliinamisha kichwa akakiegemeza kwenye kioo. Burhani akapunguza mwendo, na kwa heshima, lazima niseme, hakuugusa ule mkanda mwekundu. Niliona mlango wetu, asubuhi na jioni, maisha yote.

Mzee Naseeb aliendelea kupanda. Juu kabisa akasimama kando ya barabara kutungoja. Mimi niliruka kabla gari halijasimama vizuri. Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikaingiza mkono. Regyuleta ilikuwa mahali pake. Honi ilikuwa mahali pake. Koili, waya, bolti, kila kitu kimekaa kama nilivyokiacha.

"Muzee," nikasema, "taa imefanya nini?"

"Taa?" Akashangaa. "Nimeizima. Baba alikuwa akizima taa kwenye kila mlima, betri isichoke. Kaniapisha. Mlima unazima, tambarare unawasha."

Akageuza swichi. Taa ikawaka.

"Muzee," nikasema, "shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo tena, kwa sababu haya ninayotaka kusema hayasemwi kwa muzee." Na nikayasema. Nilimwambia kuhusu moyo wangu, kuhusu mama yangu Uvira, kuhusu mume anayelala mchana kama popo, na kuhusu baba yake, Mungu amrehemu, na milima yake. Astère alinivuta gauni kwa nyuma. Burhani alikuwa ameshika usukani anacheka machozi yanamtoka.

Mzee Naseeb alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Kisha akasema, "Baba angekupenda." Akapiga kiki, pikipiki ikaitikia, akaondoka. Taa haikuzimika tena, mlima wala tambarare. Nilikuwa naiona.

Aliingia Midrand kwa magurudumu yake. Wazee walipiga makofi, na yule mwenye ndevu, ambaye pikipiki yake tulikuwa tumeibeba, alishangilia kuliko wote. Mzee Naseeb alishuka kwa shida, magoti yamekauka, akaenda kando ya pikipiki, akaingiza mkono chini ya kiti. Akapapasa upindo kwa muda mrefu. Wengine wakaja, nao wakainama, wakaingiza mikono yao. Yule wa honi iliyodondoka alishaanza kumvuta Astère shati.

Ufunguo wa gereji ulikuwa mfukoni mwa kanzu tangu asubuhi. Mzee Naseeb akaushika, akatuangalia mimi na Astère, kama hajui aupeleke kwa nani. Astère akanyoosha mkono akanishika mkono wangu, akauweka chini ya wake, na ufunguo ukaangukia kwenye mikono yote miwili.

Njia nzima ya kurudi Hillbrow tuliongea kwa wakati mmoja, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Yeye aliongelea jiliwa na mahali pa kupata chuma. Mimi niliongelea wali. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa za magorofa tulipopanda ngazi, na sikuhisi miguu. Tukafika mlangoni kwetu. Astère akabisha hodi.

Tukangoja.

Akabisha tena. Mimi nikatega sikio nisikie viatu vya mtu akija kufungua. Hapakuwa na viatu. Tukatazamana.

"Ufunguo unao?" akaniuliza.

"Mimi? Weye ndiye ulitoka wa mwisho."

"Uko kwenye msumari," akasema.

"Uko kwenye musumari," nikasema.

Kwa miaka yote tuliyokaa kwenye nyumba ile hatukuwahi kuiacha bila mtu ndani. Astère aliegemea mlango akaanza kucheka, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikakaa kando yake na ufunguo wa gereji mkononi. Joséline akachungulia mlangoni kwake kuona nani anapiga kelele Jumapili. Akatuuliza kama kuna shida, kama amwite mtu wa kutufungulia.

"Hapana," nikamwambia. "Utuache kwanza kidogo."